Roboti Iliyokwama Forodhani

Huku kwetu, kuanzia Mwadui ambako almasi ilivumbuliwa mwaka 1940 hadi kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, mtoto hahitaji kufundishwa darasani kwamba mashine ina ukorofi. Amekwisha kuliona karasha, lile pipa la chuma linalozungushwa kwa injini ya dizeli ili gololi zilizomo ndani zisage mawe ya dhahabu. Mkanda hukatika, beringi hufa, na fundi, ambaye pengine hakumaliza darasa la saba, hutafuta kipande cha gari bovu akakichonga mpaka kikubali. Kushindwa kwa namna hiyo ni sehemu ya kazi, wala hakuna anayekuonea aibu.

Ndiyo maana, nilipofuatilia habari za mashindano ya roboti ya wanafunzi yaliyofanyika Washington, Marekani, tarehe 16 hadi 18 Julai 2017, sikushangazwa na roboti zilizogoma kwenda. Kilichonishughulisha ni vile vikwazo ambavyo spana haiwezi kuvifungua.

Mashindano hayo, yaitwayo FIRST Global Challenge, yalianzishwa na mvumbuzi wa Kimarekani Dean Kamen, na zaidi ya nchi 150 zilileta timu. Kila timu ilipelekewa kasha la vipuri vya aina moja. Kazi yenyewe ilihusu maji: roboti ikusanye mipira na kutenganisha ile ya buluu, iliyowakilisha maji safi, na ile ya rangi ya chungwa, iliyowakilisha uchafu. Timu tatu za mataifa mbalimbali ziliungana kupambana na tatu nyingine, kwa hiyo roboti ya mwenzako ikikwama, hasara ni yako pia. Mimi kama mwalimu naipenda kanuni hiyo kuliko medali zote zilizotolewa.

Lakini wapo ambao shindano lao lilianza mbali na uwanja. Wasichana sita wa mji wa Herat, Afghanistan, walicheleweshewa kasha lao forodhani wakati wenzao wa nchi nyingine wakiendelea kuunda. Mara mbili walisafiri hadi Kabul, mwendo wa kilometa zipatazo 800 katika njia ya hatari, kuomba viza; mara mbili wakanyimwa. Timu ya Gambia nayo ilinyimwa kwanza, kisha ikapewa. Wale wa Herat waliingia Marekani siku moja tu kabla ya mashindano, baada ya magazeti ya dunia kupiga kelele na Rais Donald Trump kuingilia kati.

Sisi walimu tumezoea kuwaambia wanafunzi: jitahidi, mlango utafunguka. Hapana shaka jitihada ni lazima. Hata hivyo tusiwadanganye watoto. Wasichana hao walikuwa na jitihada ileile siku waliponyimwa viza mara ya kwanza, na mara ya pili pia. Mlango ulifunguliwa na kelele. Je, ni wangapi wasio na wa kuwapigia kelele?

Mwishoni ilitolewa tuzo ya ujasiri, yenye jina la mwanafizikia wa Morocco, Rajaa Cherkaoui El Moursli. Medali ya dhahabu ilikwenda Sudan Kusini, ya fedha Afghanistan, na ya shaba Oman. Sudan Kusini! Nchi iliyopata uhuru Julai 2011, ikaingia vitani Desemba 2013, na Februari ya mwaka huohuo wa 2017 ikatangazwa rasmi kuwa na baa la njaa katika baadhi ya sehemu zake. Katika habari nilizozisoma, fedha ya Waafghani iliandikiwa kurasa. Dhahabu ya jirani zetu ilipata mstari mmoja.

Jirani zetu wengine, Burundi, walikumbukwa kwa jambo jingine. Vijana wao sita walitoweka baada ya siku ya mwisho. Polisi walisema hakukuwa na dalili ya uhalifu, na kwamba wawili walionekana wakivuka kuingia Kanada. Nchi yao ilikuwa katika machafuko tangu Aprili 2015, na raia wake wengi walikuwa wamekimbilia Kigoma. Sisi wa kanda hii tunawajua Warundi tangu wale wa mwaka 1972 waliopewa ardhi Ulyankulu, Tabora. Kwa hiyo nilisikitika kusikia watu wazima wakiwaita vijana hao watoro. Mtoro hukimbia kazi. Hawa waliifanya mpaka siku ya mwisho, ndipo wakaondoka. Pamoja na hayo, nisingeusifu uamuzi wao mbele ya darasa, maana timu inayofuata kutoka nchi maskini ndiyo itakayohojiwa zaidi kwenye dirisha la viza.

Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19, timu ya Herat iliunda mfano wa mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua kwa kutumia vipuri vya Toyota Corolla chakavu. Fundi yeyote wa karasha pale Geita angeielewa kazi hiyo bila mkalimani. Agosti 2021 Taliban walirudi madarakani. Baadhi ya wasichana wa timu walihamishiwa Qatar na Mexico. Wadogo zao waliobaki nyumbani wakakuta sekondari za wasichana zimefungwa.