Nani Alilipwa? Wosia wa 1778 na Mama Aliyeitwa Belinda

Barack Obama alisomea sheria Harvard, akamaliza 1991. Hiyo kila mtu Kenya anajua, hata kinyozi wako atakuhadithia. Chenye hatuambiwi ni mali iliyoanzisha kiti cha kwanza cha uprofesa wa sheria pale ilitoka wapi. Jibu liko kwenye wosia wa mwaka 1778. Na ndani ya wosia huohuo kuna jina la mama mmoja kutoka Afrika, ambaye mwenye wosia alimhesabu pamoja na mali yake. Belinda.

Leo nataka tufuate hiyo familia karatasi kwa karatasi, kwa sababu nimechoka na hii stori ya kwamba maisha ya watumwa hayakuandikwa popote. Wasee, yaliandikwa. Yaliandikwa na watu waliokuwa wanahesabu pesa zao. Kwa hivyo ukitaka kuwaona watumwa, nenda ukasome pale pesa zinahesabiwa.

Familia yenyewe ni ya Royall. Baba mtu, Isaac Royall, alikuwa mtoto wa fundi seremala huko New England, watu wa kawaida tu. Karibu mwaka 1700 akahamia kisiwa cha Antigua kule Karibiani, akaingia biashara ya sukari, ramu na binadamu. Akaomoka. Mwaka 1732 akanunua shamba la Ten Hills pale Medford, karibu na Boston, ekari zaidi ya 500 kando ya mto Mystic. Halafu 1736 mambo yakachafuka Antigua. Wenye mashamba walisema wamegundua njama ya watumwa ya kuwapindua, na kufikia mwaka uliofuata watu 88 walikuwa wameuawa, wengi wao kwa kuchomwa moto wakiwa hai. Mmoja wa waliochomwa ni Hector, aliyekuwa mnyapara kwenye shamba la Royall.

1737 Royall akafunga virago akaja Massachusetts. Na hapa ndipo tunakutana na karatasi ya kwanza.

Desemba 1737 aliandikia bunge la koloni ombi. Amekuja na watumwa, na sheria inasema kila mtumwa anayeingizwa alipiwe ushuru. Yeye anaomba asamehewe. Hoja yake kwa lugha yetu: hawa ni wa kunitumikia nyumbani kwangu, sijawaleta kuuza, sasa ushuru wa nini? Ni kama mtu anabishana na watu wa forodha bandarini juu ya gari alilonunua Dubai, tofauti ni kwamba “gari” hapa ni watu 27. Lakini angalia vile hiyo tamaa ya kukwepa ushuru imetuhifadhia ushahidi. Kama angelipa akanyamaza, pengine tusingejua aliingia na watu wangapi.

Miaka miwili baadaye, 1739, mzee akafa. Mtu mwenye mali akifa kwenye koloni, majirani kadhaa waliteuliwa waingie kwake, chumba baada ya chumba, waandike kila kitu na bei yake. Vitanda, masufuria, saa, ng'ombe. Na watu. Ukisoma orodha za namna hii mara ya kwanza utashtuka vile ziko kimya. Hakuna matusi wala hasira. Jina moja lisilo na la ukoo, halafu bei, halafu tunaenda kwa kitu kinachofuata. Mimi naona huo utulivu ndio unaotisha kuliko kitu kingine chochote kwenye hizi karatasi.

(Kitu kidogo kwa wale watajaribu kusoma hizi nyaraka: kabla ya 1752, Waingereza na makoloni yao walianza mwaka tarehe 25 Machi, si Januari mosi. Kwa hivyo Februari ya 1738 kwa karani wao ni Februari ya 1739 kwetu. Wengi huandika hivi, 1738/9. Usipojua hilo utamzika mtu kabla hajaandika wosia.)

Mali ikaenda kwa mtoto wa kiume, Isaac Royall mdogo. Huyu ndiye bwana mkubwa hasa. Alikaa kwenye baraza la gavana zaidi ya miaka 20, akaishi kwenye jumba ambalo bado liko Medford hadi leo kama makumbusho. Kando ya jumba kuna nyumba waliyolala watumwa, na ndiyo jengo la pekee la aina hiyo lililobaki kaskazini mwa Marekani. Kwa ujumla akina Royall waliwamiliki zaidi ya watu 60 pale Medford. Ukisikia mtu anakwambia utumwa ulikuwa mambo ya kusini, ya mashamba ya pamba, mpeleke huko akaone.

Sasa Belinda. Maisha yake yako vipande vipande. Kipande kimoja kiko kwenye rejista ya kanisa: mwaka 1768 watoto wake wawili walibatizwa Medford, Joseph na Prine. Basi, hapo ndipo tunaona alikuwa mama. Karani wa kanisa hakuwa na haja ya kuandika zaidi.

Halafu vita vya uhuru wa Marekani vikakaribia. Isaac Royall alikuwa na marafiki pande zote mbili, na mtu wa hivyo vita vikianza hukimbia. Aprili 1775, siku chache kabla ya risasi za Lexington, aliondoka Medford na hakurudi tena. Alipitia Halifax, Kanada, akafika Uingereza, na huko akaandika wosia wake 1778. Alikufa kwa ndui 1781.

Kwenye huo wosia kuna mambo mawili ambayo hayapaswi kusomwa mbalimbali.

La kwanza, aliiachia Harvard ardhi ili kianzishwe kiti cha uprofesa, ama wa sheria ama wa utabibu. Hiyo ilitolewa bila masharti magumu. Chuo kipokee, kiuze, kitumie.

La pili ni Belinda. Aliandikwa kuwa urithi wa binti yake Royall, isipokuwa kama yeye mwenyewe atachagua uhuru. Akichagua, awe huru, mradi alete dhamana kwamba hatakuwa mzigo kwa mji wa Medford.

Rudia hiyo sentensi polepole. Tangu 1703 sheria ya Massachusetts ilisema bwana anayemwachia mtumwa huru lazima aweke dhamana ya angalau pauni 50. Sababu ni kwamba mabwana walikuwa na mchezo: wanakutumia ukiwa na nguvu, ukizeeka wanakwambia uko huru, nenda. Wazee wakawa wanaishia mikononi mwa mji, na walipa kodi wakalalamika. Kwa hivyo sheria ikambana bwana. Royall alifanya nini? Kwa vile naisoma mimi, aliuchukua ule mzigo uliokuwa wake akamtupia mama aliyefanya kazi nusu karne bila mshahara. Uhuru wako huu hapa, tafuta mwenyewe wa kukudhamini. Kuna watu wanausifu huo wosia ati bwana alikuwa na roho nzuri. Mimi sioni roho nzuri hapo, naona hesabu.

Belinda alichagua uhuru. Na wakati huo jimbo jipya la Massachusetts lilikuwa limeshika mali ya Royall, kwa sababu alihesabiwa kuwa upande wa mfalme. Kodi za nyumba na mashamba zilikuwa zinaingia serikalini. Mama akaona hiyo njia.

Tarehe 14 Februari 1783 aliwasilisha ombi lake kwa bunge. Bunge lilelile, kwa kweli, ambalo Royall baba aliliandikia 1737 akiomba asitozwe kwa watu wake. Aliyemsaidia kuliandika, wanahistoria kadhaa wanamtaja Prince Hall, kiongozi wa Waafrika huru wa Boston. Belinda hakujua kuandika, kwa hivyo chini aliweka alama ya X.

Anaeleza alikotoka: karibu na mto Volta, Ghana ya leo. Anasema alikuwa hajafika miaka 12 alipotekwa, wazazi wake wakiwa kwenye ibada. Anasimulia safari ya meli na wenzake waliofungwa minyororo. Kisha anafika kwa jambo lenyewe: amemtumikia Royall miaka 50, sasa ni mzee, ana binti mgonjwa, na hana hata senti ya mali ambayo sehemu yake imetokana na kazi yake mwenyewe. Anaomba malipo kutoka kwa mali hiyo, yeye na bintiye. Binti ni Prine, yule wa rejista ya kanisa. Ukiunganisha karatasi mbili namna hiyo, familia inaanza kuonekana.

Mtandaoni wengi huliita ombi la kwanza la fidia ya utumwa. Sikatai, ila neno fidia linanifanya nifikirie huruma, na mama huyu hakuja kuomba huruma peke yake. Alikuja na hoja ya mfanyakazi: mimi nilijenga hiki, nilipeni.

Na bunge lilikubali! Pauni 15 na shilingi 12 kwa mwaka, kutoka mali ya Royall. Nilipiga hesabu. Pauni moja ni shilingi 20, kwa hivyo jumla ni shilingi 312, gawanya kwa wiki 52 unapata shilingi 6 kwa wiki. Si utajiri, lakini ni kitu.

Shida ilikuja kwa kulipwa. Pesa zikatoka kidogo, zikakauka. Si mnajua hiyo stori, mnaijua sana. Belinda akarudi bungeni. Akarudi tena. Kuna maombi yake ya 1787, 1788, 1790, 1793, mwanamke wa zaidi ya miaka 70 anafuatilia pesa alizokwisha kukubaliwa. Katika haya ya baadaye ndipo tunapata jina lake la pili, Sutton, na kwamba ni mjane. Yaani tunajua aliolewa kwa sababu tu serikali ilichelewa kumlipa. Kama wangemlipa kwa wakati, hangekuwa na haja ya kuandika, na jina la Sutton lingetupita.

Upande wa Harvard hakukuwa na kuzungushwa. Ardhi iliuzwa, na 1815 uprofesa wa sheria wa Royall ukaanza. Shule yenyewe ya sheria ikafuata 1817. Miaka ya 1930 wakaichukua nembo ya familia ya Royall, miganda mitatu ya ngano, ikawa ngao ya shule. Wanafunzi waliivaa kwenye fulana bila kujua. Obama mwenyewe alisoma chini ya hiyo ngao.

Ilidumu hadi Machi 2016. Mwaka uliotangulia, wanafunzi wa Cape Town walikuwa wameanza kampeni ya kuondoa sanamu ya Cecil Rhodes, na wenzao wa Harvard wakachukua wazo hilo, wakaiita yao Royall Must Fall. Ngao ikaondolewa. 2019 waziri mkuu wa Antigua na Barbuda, Gaston Browne, akaiandikia Harvard akidai fidia, na 2022 chuo kikatoa ripoti kuhusu uhusiano wake na utumwa na kutenga dola milioni 100.

Ombi la 1783 unaweza kuliona kwa simu yako sasa hivi, limepigwa picha na kuwekwa kwenye maktaba ya kidijitali ya Harvard hiyohiyo, alama ya X ikiwa chini. Na ukitaka kuendelea na majina mengine, tafuta vitabu vya zamani vya vizazi, ndoa na vifo vya miji ya Massachusetts. Viko bure kwenye intaneti. Usianze na herufi A. Fungua kurasa za mwisho za kila sehemu, kwa sababu vingi vya vitabu hivyo viliwatenga watu weusi huko nyuma, baada ya Z.