Kompyuta kuzimika katikati ya gemu: Chanzo kitafutwe wapi?

KOMPYUTA ya mezani inaweza kuandika barua na kuonyesha filamu kutwa nzima bila kasoro, kisha ikajizima au kuganda dakika chache baada ya mchezo kuanza. Kwa mtumiaji wa Musoma, Bunda au Butiama, mkoani Mara, kishawishi cha kwanza huwa ni kununua kadi mpya ya michoro. Kadi hiyo mara nyingi ndiyo kifaa ghali kuliko vyote ndani ya mashine, ilhali kosa linaweza kuwa kwenye umeme wa ukutani au vumbi la kwenye feni.

Mchezo huzitumikisha prosesa, kadi ya michoro, kumbukumbu na mfumo wa umeme kwa wakati mmoja, na hapo ndipo kifaa dhaifu hushindwa. Kwa maana hiyo, mchezo hufichua ubovu, lakini si lazima uwe ndio chanzo chake. Utaratibu ulio salama ni kuanza na sababu ambazo kuzichunguza hakugharimu fedha, na kubadilisha jambo moja tu kila mara.

Dalili zisomwe kwanza

Mashine inayozimika ghafla, kana kwamba waya umechomolewa, huelekeza kwenye umeme au joto kali. Skrini ikiwa nyeusi huku sauti ikiendelea au ikijirudia, kadi ya michoro au draiva yake ndiyo ya kushukiwa. Mchezo unapojifunga wenyewe na Windows kubaki salama, huenda kumbukumbu ina kasoro au mafaili ya mchezo yameharibika.

Katika daftari la matukio la Windows, wengi hukuta ujumbe wa Kernel-Power wenye namba 41 na kuuchukulia kuwa ni hukumu dhidi ya pawa saplai. Ujumbe huo husema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kufuata utaratibu. Hautaji mkosaji.

Umeme

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo mzunguko mmoja huchukua milisekunde 20. Pawa saplai nzuri ya kompyuta hutarajiwa kuhimili kukatika kwa umeme kwa milisekunde 16 au 17 tu inapobeba mzigo mkubwa. Mtikisiko ambao jicho huuona kama kupepesa kwa taa unatosha kuizima kompyuta iliyo katikati ya mchezo, huku ile inayoandika barua ikiendelea na kazi.

Nyumba zilizo mwishoni mwa laini ndefu za kusambaza umeme huathirika zaidi, kwa kuwa volti hupungua kadiri umbali na matumizi yanavyoongezeka, hususan saa za jioni. Fundi mwenye kipimo cha umeme anaweza kupima soketi mchana na usiku akalinganisha. Stabilaiza hurekebisha volti inayopanda na kushuka, lakini haiwezi kuziba pengo la umeme uliokatika. Kazi hiyo ni ya UPS. Baadhi ya inveta za bei nafuu za sola nazo hutoa umeme usio laini, na pawa saplai nyingine hazipatani nao.

Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani. Mvua ya radi inapokaribia, kuchomoa waya ukutani ndiyo kinga ya uhakika.

Pawa saplai yenyewe ichunguzwe pia. Njia yake ya volti 12 inapaswa kubaki kati ya 11.4 na 12.6 mchezo ukiendelea. Mtumiaji asiifungue, kwani kapasita zake huweza kutunza umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

Joto na vumbi

Vumbi la barabara za changarawe wakati wa kiangazi, na mawingu ya wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa usiku, huishia kwenye feni na matundu ya kupitishia hewa. Programu ya bure ya HWiNFO huonyesha joto la kila kifaa. Prosesa nyingi za kisasa zina ukomo wa kati ya nyuzijoto 95 na 100 za Selsiasi. Zikifika hapo hupunguza kasi, na joto likizidi hujizima.

Kabla ya kusafisha, mashine izimwe na kuchomolewa. Brashi laini na kavu inatosha, huku feni ikishikiliwa isizunguke.

Kumbukumbu na programu

Programu ya MemTest86 huanzishwa kutoka kwenye flashi na inaweza kuachwa ipime kumbukumbu usiku kucha. Kosa hata moja ni ishara ya ubovu au ya mpangilio mbaya. Hapo izimwe mipangilio ya kuongeza kasi, kama XMP, kisha vipande vya kumbukumbu vijaribiwe kimoja kimoja.

Kwa upande wa programu, mafaili ya mchezo yahakikiwe na draiva ya kadi ya michoro ipakuliwe kutoka kwa mtengenezaji. Watumiaji wa Windows 10 wakumbuke kuwa msaada wa kawaida wa mfumo huo ulikoma Oktoba 14, 2025.

Funzo la Intel

Mwaka 2024 ulidhihirisha jinsi ujumbe wa kompyuta unavyoweza kupotosha. Wachezaji wengi duniani waliona michezo ikifungwa kwa maelezo kwamba kumbukumbu ya kadi ya michoro imekwisha. Baadaye Intel ilikiri kuwa baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipelekewa volti kubwa kupita kiasi na kudhoofika taratibu.

Kampuni hiyo ilitoa marekebisho kuanzia Agosti 2024 na kuongeza dhamana ya prosesa husika kwa miaka miwili. Marekebisho hayo huzuia madhara, lakini hayaiponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Huwekwa kwa kusasisha BIOS ya ubao mama, kazi ambayo umeme ukikatika katikati yake ubao wenyewe unaweza kuharibika. Ifanywe kukiwa na UPS.

Kumbukumbu ya maandishi

Kila tukio liandikwe: saa, mchezo uliokuwa ukichezwa, joto, hali ya taa za nyumba na kilichobadilishwa mara ya mwisho. Baada ya wiki moja au mbili, orodha hiyo inaweza kuonyesha iwapo kompyuta huzimika jioni tu, baada ya saa nzima ya kucheza, au katika mchezo mmoja pekee.

Fundi anayepelekewa mashine pamoja na orodha hiyo huanza kazi akiwa na pa kushika. Anayeambiwa tu kwamba "inazima" atalazimika kubahatisha, na gharama ya kubahatisha hulipwa na mwenye kompyuta.