Msumbiji: Umeme wa Zambezi na alumini ya Mozal

Kiwanda cha Mozal kilijengwa Beluluane, karibu na Maputo, mji mkuu wa Msumbiji. Kilianza kuzalisha alumini mwaka 2000, miaka minane baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika, na serikali ilikitaja kuwa ushahidi kwamba wawekezaji wamerejea. Upanuzi wa mwaka 2003 ulikifikisha kwenye uwezo wa zaidi ya tani 500,000 kwa mwaka.

Malighafi yake haitoki Msumbiji. Alumina, unga mweupe unaotokana na madini ya boksiti, ililetwa kwa meli kutoka Australia. Unga huo huyeyushwa ndani ya chumvi za floridi zenye joto la karibu nyuzi 960, kisha umeme mwingi hupitishwa humo ili kuitenga alumini. Tani moja huhitaji takribani uniti 14,000. Mozal ilihitaji kiasi cha megawati 950, karibu nusu ya uwezo wa bwawa la Cahora Bassa.

Bwawa hilo lilijengwa na Wareno katika mto Zambezi, mkoani Tete, na lilianza kujazwa maji Desemba 1974. Msumbiji ilichukua sehemu kubwa ya umiliki wake mwaka 2007. Hata hivyo, umeme wake mwingi husafirishwa kwanza hadi Afrika Kusini, na Mozal iliununua kupitia shirika la Eskom. Kwa kuwa Eskom huzalisha sehemu kubwa ya umeme wake kwa makaa ya mawe, wanamazingira husema alumini hiyo haiwezi kuitwa zao la maji peke yake.

Maji nayo yana gharama yake. Bwawa limedhibiti mafuriko ya kila mwaka yaliyokuwa yakirutubisha delta ya Zambezi. Mbuga za Marromeu zimepungukiwa maji, na kambamiti wa ukanda wa Sofala, ambao huhitaji maji matamu ya mto, wameathirika.

Malalamiko makubwa zaidi yalizuka mwaka 2010, Mozal ilipopewa kibali cha kutoa moshi bila kuupitisha kwenye vichujio kwa miezi kadhaa, wakati mitambo hiyo ikikarabatiwa. Mashirika ya Livaningo na Justiça Ambiental yalipinga, yakihofia afya ya wakazi wa Matola na Maputo. Kampuni ilisema viwango vingebaki salama, kibali hakikufutwa.

Agosti 2025 mmiliki mkuu, kampuni ya South32, alitangaza kwamba uzalishaji ungesimamishwa Machi 2026, mkataba wa umeme ukifikia kikomo, iwapo umeme wa bei nafuu hautapatikana. Hivyo mjadala uliokuwa wa moshi na mto umegeuka pia kuwa wa ajira za maelfu, na wa swali ambalo Wamsumbiji wengi wasio na umeme wamekuwa wakiuliza kwa muda mrefu: nguvu za Zambezi zimhudumie nani kwanza?