Uzi wa Nanga na Heshima ya Maneno

Nanga ni ala ya kale ya nchi za Maziwa Makuu. Wahaya huiita enanga. Warundi na Wanyarwanda huiita inanga. Wilaya za Ngara na Biharamulo, zilizo makao ya Wahangaza, Washubi na Wasubi, zimo katikati ya nchi hizo.

Msafiri J. A. Grant alipita Usui, katika sehemu za Biharamulo, mwaka 1861, kisha akakaa Karagwe kwa Mfalme Rumanyika. Katika kitabu chake cha 1864 alieleza nanga ya mti mzito, iliyochongwa mfano wa sinia, yenye urefu wa inchi 22 na upana wa inchi 9. Nyuzi zake zilikuwa uzi mmoja tu, uliopitishwa mara saba au nane toka ncha hata ncha.

Hapo ndipo ilipo siri ya ala hii. Katika piano waya za noti hutofautiana kwa urefu na unene. Katika nanga uzi ni ule ule, na urefu wa kila mstari hukaribia kulingana. Sauti hutofautishwa kwa kukaza na kulegeza. Basi anayebadili uzi wa nanga hubadili sauti zote kwa mara moja.

Wazee walitumia kano za ng'ombe. Siku hizi wengi hutumia nailoni au waya wa chuma. Je, upi ufaao? Chuma ni kizito karibu mara sita kuliko kano. Waya wenye unene ule ule wa kano, ukitakiwa kutoa sauti ile ile, hauna budi kukazwa kwa nguvu mara sita, na mti waweza kupasuka. Ukilegezwa ili mti usalimike, sauti hufifia. Atakaye chuma na achague waya mwembamba, usiofikia nusu ya unene wa kano. Nailoni, kwa uzito, iko karibu zaidi na kano.

Lakini nguvu za mti si hoja pekee. Chuma hulia kwa ukali na mlio wake hudumu, ilhali kano hulia kwa upole na kunyamaza upesi. Mpiga nanga ni mtambaji: husimulia habari za wafalme na mashujaa, na huko Burundi wako waimbao kwa kunong'ona. Uzi ukipiga kelele, maneno hupotea, na pamoja nayo historia.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, ili tuchague yaliyo bora katika mila zetu. Kuchagua huko kwahitaji masikio. Walimu na wawatie wanafunzi nyuzi mbili mikononi, wasikilize, kisha waulize: upi unaoyaacha maneno yasikike? Huo ndio uzi wa nanga.