Kamera ya Gama Ilivyomwondoa Dalali

Katika chumba cha kamera ya gama, anayehitaji kiyoyozi kuliko wote si mgonjwa, ni kamera. Ndani ya kichwa chake kizito mna bamba pana la fuwele lenye unene wa sentimita moja hivi, lililotengenezwa kwa sodiamu na iodini. Ni ndugu wa chumvi ya mezani na tabia ni ileile: likiachwa wazi hunywa unyevu wa hewa mpaka likageuka manjano. Joto la chumba likipanda au kushuka ghafla kwa nyuzi chache tu, laweza kupasuka. Ndiyo maana hufungwa ndani ya aluminiamu, na kiyoyozi cha chumba hicho hakizimwi hata usiku wa sikukuu.

Kitu dhaifu namna hiyo kimewezaje kuitawala tiba ya nyuklia kwa zaidi ya miaka 60? Na kwa nini kukipatia mrithi kumechukua muda mrefu hivyo?

Tuanzie kwenye rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni. Baada ya Vita Kuu ya Pili, madaktari walikwisha kujua kwamba tezi hiyo hufyonza iodini, na kwamba mgonjwa akinyweshwa iodini yenye mnururisho kidogo, tezi itaanza kutoa mionzi ya gama kutoka ndani kwenda nje. Hapo ndipo kazi hii inapoachana na ya eksirei. Eksirei hupiga mionzi kutoka nje. Huku mgonjwa mwenyewe ndiye taa, na mashine inangoja kupokea. Tatizo lilikuwa hilo la kupokea. Mwaka 1951 Benedict Cassen wa Los Angeles alionyesha mashine iliyopita juu ya shingo ikienda na kurudi kama maksai wanaolima, tuta baada ya tuta, huku ikidonoa vitone kwenye karatasi. Picha ilipatikana, ila kwa taratibu mno. Ukitaka kuona damu inavyopita kwenye figo, jembe hilo halikufai, maana kabla halijamaliza tuta la tatu damu imekwisha kupita.

Aliyeachana na jembe ni Hal Anger, mhandisi wa umeme wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley. Hakuwa daktari, na nadhani hilo lilimsaidia. Mwaka 1957 alichukua fuwele ya aina hiyo ya chumvi, yenye upana wa sentimita 10, ambayo uwezo wake wa kumeta ikipigwa na mionzi ulikuwa umegunduliwa na Robert Hofstadter mwaka 1948. Nyuma yake akapanga mirija saba ya kukuza mwanga. Ujanja wake ni wa kijijini kabisa. Majirani saba wakisikia mchi unatwanga usiku, kila mmoja akikueleza kishindo kilimfikia kwa ukubwa gani, utajua ni kinu cha nani bila kutoka nje. Mwonzi unapogonga fuwele, mwanga hutawanyika; mirija iliyo karibu huona mwingi, ya mbali huona kidogo, na sakiti ya umeme hukokotoa mahali mwonzi ulipoangukia. Hakuna kwenda na kurudi tena. Fuwele nzima inatazama kwa wakati mmoja.

Mwaka 1962 kampuni ya Nuclear-Chicago iliuza kamera ya kwanza ya aina hiyo kwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Haikutamba mara moja. Ilingoja mafuta yake, na mafuta hayo yalikuwa tekinetiamu, elementi iliyotambuliwa Palermo mwaka 1937 na Carlo Perrier na Emilio Segrè katika kipande cha molibdeni kilichotumwa kutoka Berkeley. Mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa Brookhaven huko New York waliikuta kama uchafu katika kazi nyingine, wakatengeneza chombo cha kuikamulia kutoka kwenye molibdeni. Walipouliza habari za hataza, wahusika hawakuona soko la kutosha. Leo tekinetiamu ndiyo inayotumika kuliko zote katika vipimo vya namna hii, na chombo chenyewe watu wa maabara hukiita ng'ombe, kwa sababu hukamuliwa kila asubuhi. Ng'ombe huyo hufika Dar es Salaam na Nairobi kwa ndege, na maziwa yake hupungua nusu kila baada ya saa 66, ndege ichelewe au isichelewe.

Sasa turudi kwenye fuwele, maana humo ndimo alimojificha dalali. Mwonzi mmoja wa tekinetiamu ukiingia kwenye chumvi ile huzaa chembe za mwanga kama 5,000. Mwanga huo haufai kitu mpaka ugeuzwe umeme, na katika kugeuzwa, elektroni zinazopatikana kwenye mirija ni kama 1,000 tu. Mwanga ndiye dalali: bila yeye biashara haiendi, na akipita anakata chake. Kadiri kinachobaki kinavyokuwa kidogo ndivyo makadirio yanavyokuwa ya kubahatisha. Kamera inashindwa kutofautisha vizuri mwonzi uliotoka moja kwa moja kwenye moyo na ule uliojigonga kwenye nyama njiani, ukapoteza nguvu na kubadili mwelekeo.

Semikondakta, yaani vitu visivyopitisha umeme kama shaba wala kuuzuia kabisa kama mpira, humruka dalali huyo. Mwonzi ukiingia, unang'oa elektroni papo hapo. Wanafizikia walilijua hilo mapema, wakajaribu vilivyokuwepo. Silikoni ni nyepesi mno, mionzi mingi hupita kama haioni kitu. Germani ina uzito wa kutosha na usahihi wa kushangaza, ila haifanyi kazi mpaka ipozwe kwa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Aliyelalamikia kiyoyozi na ajaribu hiyo.

Kilichobaki kilikuwa mchanganyiko wa kadimiamu na teluriamu: mzito, na unafanya kazi katika joto la kawaida la chumba. Ulikuwa na kasoro ya kuvujisha umeme, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ukitiwa zinki kidogo, kama sehemu moja kwa kumi, uvujaji hupungua sana. Hapo ikaanza taabu ya tanuri. Fuwele hizi hukua polepole, na mara nyingi hutoka na nyufa au madonge ya teluriamu ndani yake. Tena kila elektroni inayong'oka huacha tundu nyuma yake, na matundu hayo hujikokota na kunaswa njiani, hesabu ikaharibika. Mwaka 1995 Harrison Barrett na wenzake wa Arizona walieleza njia ya kuyakwepa: gawanya upande mmoja wa fuwele kuwa vijiraba vidogo, na kila kijiraba kitasikiliza elektroni peke yake. Tundu lijikokote litakavyo, halihesabiwi.

Kwa hiyo fuwele ikakatwa vigae vya sentimita nne kwa nne, kila kimoja na vijiraba 256. Mwonzi uleule uliotoa elektroni 1,000 sasa unatoa 30,000 hivi. Kufikia mwaka 2009, Spectrum Dynamics ya Israeli na General Electric zilikuwa na kamera za moyo za namna hii. Kipimo kilichomlaza mgonjwa robo saa au zaidi, mikono juu ya kichwa, kikawa cha dakika chache.

Wauzaji hupenda kuipa fuwele sifa yote hiyo. Si haki. Sehemu kubwa ya kasi ilitokana na mpangilio: vigae vikiwa vidogo, wahandisi waliweza kuvipanga kuzunguka kifua, vyote vikautazama moyo. Bamba la Anger, kwa uzito na upana wake, haliwezi kujipinda hivyo.

Mwaka huohuo wa 2009 ng'ombe waliadimika, maana molibdeni yao ilitoka kwenye vinu vya nyuklia. Kinu cha Chalk River nchini Kanada kilisimama Mei, kikakaa hivyo mpaka Agosti 2010, na katikati ya muda huo kile cha Petten, Uholanzi, nacho kikafungwa kwa matengenezo. Dunia ilitegemea vinu vitano tu vikubwa, kimojawapo Pelindaba, Afrika Kusini. Hospitali zikaahirisha vipimo, na kamera inayotosheka na dawa kidogo ikawa na hoja ambayo hakuna tangazo lingeweza kuitoa.

Bei imebaki juu, na kamera za Anger bado ni nyingi mno mahospitalini. Fuwele zenyewe zimepata wateja wengine: mwaka 2021 Canon ya Japani iliinunua Redlen, watengenezaji wa fuwele hizi nchini Kanada, ikizitamani zaidi kwa ajili ya mashine za CT.

Dalali ameondoka, ila askari wa geti yupo palepale. Mbele ya kila kamera ya gama, ya chumvi au ya kadimiamu, kuna ukuta wa risasi au tangisteni wenye vitundu, unaoruhusu tu mionzi iliyonyooka. Bila ukuta huo hakuna picha, kuna ukungu. Kwa ukuta wa kawaida, kati ya mionzi 10,000 inayotoka mwilini mwa mgonjwa, huvuka mmoja au miwili. Elektroni 30,000 ni za huyo aliyevuka.