Ayalandi kwa Basi: Safari za Makundi na Njia Zake

Safari ya kundi kwa basi ni utalii ambao watu kama ishirini hadi hamsini, wengi wao hawajuani, hulipa bei moja inayojumuisha usafiri, hoteli, kifungua kinywa, baadhi ya milo ya jioni na viingilio vya sehemu za kutembelea, kisha huzunguka nchi pamoja kwa siku kadhaa chini ya dereva mmoja. Utalii wa aina hii upo kote Ulaya, lakini Ayalandi umeota mizizi kwa namna ya pekee, na sababu kubwa ni ramani yenyewe. Kisiwa kizima kina kilomita za mraba zipatazo 84,000. Jamhuri ya Ayalandi peke yake ina kama 70,000, karibu sawa na maji ya Ziwa Victoria. Uzuri wake uko pembeni: milima, magenge, rasi na visiwa vimejipanga kwenye ukingo wa Atlantiki, ilhali katikati ni nyanda za malisho na ardhi chepechepe. Anayetaka kuiona nchi hii huizunguka.

Mmoja wa watu wa mwanzo kufanya biashara kubwa ya kusafirisha abiria kwa ratiba katika barabara za Ayalandi alikuwa mhamiaji. Charles Bianconi alizaliwa kaskazini mwa Italia mwaka 1786, akafika Ayalandi akiwa kijana na kuanza kuuza picha za kuchapwa, akitembea kwa miguu kutoka mji hadi mji. Mwezi Julai 1815 alianzisha gari la farasi kati ya Clonmel na Cahir, katika jimbo la Tipperary. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha na farasi walipatikana kwa bei nafuu. Biashara ikakua ikaenea sehemu kubwa ya kisiwa. Katika magari yake abiria walikaa pande mbili, migongo ikielekeana na nyuso zikitazama kando ya njia, kwa hiyo hata aliyesafiri kwa shughuli zake alifika akiwa ameiona nchi. Huko Killarney vigari vya farasi bado vinabeba watalii hadi leo.

Baadaye ikaja reli, ikafika hata kwenye rasi za mbali za magharibi. Haikudumu huko. Njia ya Galway hadi Clifden ilifungwa mwaka 1935, ya Tralee hadi Dingle mwaka 1953, ile iliyokwenda Bandari ya Valentia mwaka 1960, na ya magharibi mwa Clare mwaka 1961. Wakazi walikuwa wachache, na malori na mabasi yalikwishachukua mizigo na abiria. Leo treni itakufikisha Killarney, Tralee, Galway, Westport au Sligo, na hapo ndipo inapokoma, mahali hasa ambapo mandhari yanaanza kuvutia. Kutoka hapo usafiri ni wa barabara, na kwa mgeni asiyetaka kuendesha gari kwenye vinjia vyembamba vyenye kuta za mawe pande zote mbili, basi ndilo jibu.

Msimu wa safari hizi ni Aprili hadi Oktoba. Mwezi Juni jua la magharibi mwa Ayalandi huzama karibu saa nne usiku, na mwanga huo mrefu huwapa wasafiri nafasi ya kutembea mjini hata baada ya chakula cha jioni. Mvua haina msimu. Hunyesha mwezi wowote, mara nyingi manyunyu yanayopita haraka, na milima ya Kerry ndiyo inayopata nyingi zaidi. Koti lisilopitisha maji ni la lazima hata Julai, na mwavuli hausaidii sana penye upepo wa Atlantiki.

Anayesoma ratiba ya safari hizi atadhani imepangwa kwa kufuata uzuri wa mahali. Kwa kiasi kikubwa imepangwa kwa kufuata saa za dereva. Sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, asizidishe saa tisa za kuendesha kwa siku (au kumi, mara mbili tu kwa wiki), na apate mapumziko ya usiku ya kutosha. Kifaa ndani ya basi hurekodi kila kitu. Dereva anaposema tunaondoka saa nane kamili mchana, haombi. Akichelewa saa za mchana atazilipia jioni, na huenda kesho yake asiruhusiwe kuwasha gari mapema. Sheria hiyohiyo inaruhusu, kwa masharti, dereva wa safari ya namna hii kuahirisha mapumziko yake ya wiki hadi siku 12, na hivyo kundi huweza kuwa na dereva mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Na dereva huyo ni zaidi ya dereva. Katika safari nyingi za Ayalandi mtu mmoja hushika usukani na kipaza sauti kwa pamoja. Ndiye mwongozaji, msimulizi, mwenye kujua ni hoteli gani ina ngazi bila lifti na ni nani katika kundi anahitaji dawa zake kwa wakati. Ndiye pia anayeweka utaratibu mdogo unaozuia ugomvi: kila asubuhi abiria husogea viti kadhaa, ili aliyekaa mbele jana akae katikati leo, na asiwepo mtu anayemiliki dirisha zuri safari nzima. Masanduku huachwa nje ya mlango wa chumba asubuhi, moja kwa kila mtu, na huonekana tena jioni katika hoteli nyingine. Kwa wazee, na kwa yeyote ambaye magoti yamechoka, huduma hiyo ya masanduku pekee inatosha kuhalalisha gharama.

Njia ya kawaida huanzia Dublin, hushuka kusini hadi Rock of Cashel, ambako kanisa la Cormac lililowekwa wakfu mwaka 1134 bado limesimama juu ya jabali la chokaa, kisha hupita ngome ya Blarney karibu na Cork na kuingia Killarney. Hapa makundi hulala siku mbili au tatu, na mji huo unastahili. Hifadhi ya Taifa ya Killarney, ya kwanza nchini, ilianzishwa mwaka 1932 kutokana na shamba la Muckross lililotolewa zawadi kwa taifa, na bado ina kundi la kulungu wakubwa wekundu wa asili ya kisiwa hicho. Carrauntoohil, mlima mrefu kuliko yote Ayalandi wenye mita 1,038, uko jirani.

Kutoka Killarney huanza mzunguko maarufu wa Kerry, kilomita 179 kuizunguka rasi ya Iveragh. Mabasi yote hupita upande mmoja: Killorglin kwanza, kisha Cahersiveen, Waterville, Sneem, Kenmare, na kurudi kupitia Moll's Gap. Utaratibu huo umetokana na upana wa barabara. Mabasi mawili makubwa yakikutana kwenye kona za juu ya bahari, moja lazima lirudi nyuma, na nyuma kuna foleni. Baadhi ya njia nzuri kabisa zimebaki nje ya uwezo wa basi kubwa. Mapito ya Conor, juu ya milima ya rasi ya Dingle, yamepigwa marufuku kwa magari makubwa, na vinjia vinavyotazama visiwa vya Skellig havina nafasi. Kundi dogo lenye basi la viti ishirini linaweza kufika mahali pengi zaidi kuliko basi la viti hamsini, na mtu anayelinganisha bei anapaswa kulinganisha hilo pia.

Kwenye mzunguko huu mabasi mengi husimama kwenye shamba la kondoo. Mchungaji husimama chini ya mteremko, mbwa wawili weusi wenye mabaka meupe wamelala miguuni pake. Hupiga mluzi, na mbwa mmoja huondoka kama mshale kuelekea kushoto. Mwingine hata sikio halitikisi, kwa sababu kila mbwa amefundishwa miluzi yake mwenyewe. Mluzi wa pili humsimamisha yule wa kwanza juu kabisa ya mlima, akiwa nukta tu. Ndani ya dakika chache kondoo waliokuwa wametawanyika wamekusanywa miguuni mwa wageni. Wapo wanaoliita hili onyesho la watalii, lakini mbwa haohao kesho watafanya kazi hiyohiyo pasipo mtu wa kuwapigia makofi.

Dirisha la basi lina somo lake kwa anayejua kutazama. Jioni, jua likiwa chini, kwenye miteremko ya Kerry na Connemara huonekana mistari sambamba chini ya majani, mahali ambapo leo hakuna nyumba wala mkulima. Hayo ni matuta ya viazi ya kabla ya Njaa Kuu. Mwaka 1845 ugonjwa wa mimea uliingia, viazi vikaoza ardhini mwaka baada ya mwaka, na hadi mwaka 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa na zaidi ya milioni moja wamehama. Sensa ya 1841 ilihesabu watu milioni 8.2 kisiwani, ile ya 1851 milioni 6.6. Hata leo kisiwa kina watu kama milioni saba tu. Dereva mzuri hupunguza mwendo hapo na kueleza. Ninaamini dakika hizo zina thamani kuliko duka lolote la sweta, maana bila kuijua njaa hiyo huwezi kuelewa kwa nini Waayalandi wametapakaa duniani.

Mtapakao huo unagusa hata Afrika Mashariki. Mabasi yanayotumia barabara kuu ya M7 kati ya Dublin na Limerick mara nyingi husimama kwa chai na msala kwenye kituo kikubwa cha mafuta huko Moneygall, kilichofunguliwa mwaka 2014 na kupewa jina la Barack Obama. Kutoka kijiji hicho Falmouth Kearney, babu wa mbali wa Obama kwa upande wa mama, alihamia Marekani mwaka 1850, na Obama mwenyewe alikitembelea Mei 2011. Msafiri kutoka Kenya, anayemjua Obama kwa upande wa Kogelo, kijiji cha ukoo wa baba yake, hukuta hapo nusu ya pili ya hadithi. Kwa msomaji wa Kongo kuna kituo kingine, kaskazini mwa Kerry, ambacho ratiba nyingi hazikitaji: ufuko wa Banna, wenye mnara wa kumbukumbu ya Roger Casement. Huyu ndiye aliyeandika ripoti ya mwaka 1904 iliyofichua ukatili wa utawala wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji katika uvunaji wa mpira Kongo. Mwaka 1916 alishushwa karibu na Banna na nyambizi ya Kijerumani akiwa upande wa wapigania uhuru wa Ayalandi, akakamatwa, akanyongwa London. Mabaki yake yalirudishwa mwaka 1965 na kuzikwa makaburi ya Glasnevin, Dublin.

Baada ya Kerry mabasi mengi huvuka mlango wa mto Shannon kwa kivuko cha Tarbert, mwendo wa dakika ishirini hivi, na kufika magenge ya Moher. Mahali pa juu kabisa ni mita 214 kutoka baharini, na matabaka ya mwamba yana umri wa miaka zaidi ya milioni 300. Katika miaka ya karibu wageni milioni moja na nusu au zaidi wamefika hapo kwa mwaka, wengi kwa safari za kwenda na kurudi Dublin siku hiyohiyo. Safari hizo sizipendekezi kwa mtu mwenye uwezo wa kulala njiani. Ni saa tatu au zaidi kwenda, kiasi hicho kurudi, na Moher penyewe hupati ila kipande cha mchana wenye umati. Aliyelala jirani, Doolin au Ennis, huyaona magenge asubuhi na mapema au jioni, mabasi ya Dublin yakiwa hayajafika au yameshaondoka.

Doolin pia ni mahali pa muziki, na hapa inafaa kutofautisha mambo mawili. Kuna burudani iliyoandaliwa kwa ajili ya makundi, kama karamu ya ngome ya Bunratty iliyoanza mwaka 1963, ambapo waimbaji waliovaa mavazi ya kale huhudumia meza ndefu. Inafurahisha na imefanywa kwa ustadi. Na kuna muziki wa baa, ambao hauandaliwi kwa ajili ya mtu yeyote. Wapigaji huketi kuzunguka meza wakitazamana, mara nyingine wamewapa wasikilizaji migongo. Mmoja huanza wimbo kwa fidla, mwingine anayeutambua huingia kwa filimbi, kisha kinanda cha mkono, kisha bodhrán, ngoma bapa ya ngozi ya mbuzi inayopigwa kwa kijiti kifupi. Nyimbo mbili tatu huunganishwa bila kusimama. Wakati mwingine yupo mwenye zumari ya mfuko, ile ambayo upepo wake hutoka kwenye mvukuto unaobanwa kwa kiwiko, na ambayo UNESCO iliitambua kuwa urithi wa binadamu mwaka 2017. Adabu ni kunyamaza mtu anapoimba peke yake. Muziki huu huchangamka usiku, hivyo hoteli ya kundi ikiwa kilomita kumi nje ya mji, kundi zima huukosa. Kabla ya kulipa, ulizia hoteli iko wapi.

Kaskazini zaidi ni Galway, Connemara na nyumba ya watawa ya Kylemore, ambako Wabenedikto waliokimbia vita Ubelgiji walihamia mwaka 1920. Kisha Sligo, kwenye kaburi la mshairi Yeats huko Drumcliff, na Donegal. Katika baadhi ya sehemu hizi Kiayalandi ndicho lugha ya nyumbani na vibao vya barabarani huandikwa kwa lugha hiyo pekee.

Mpaka wa Ayalandi ya Kaskazini haujulikani kwa lango wala askari. Kibao cha mwendo hubadilika kutoka kilomita kwenda maili, na chai hulipiwa kwa pauni badala ya yuro. Katika Derry na Belfast kampuni nyingi humwachia kipaza sauti mwongozaji wa hapohapo, na ni uamuzi wa busara, kwa sababu historia ya machafuko ya kisiasa hadi mkataba wa amani wa Aprili 1998 inafaa kusimuliwa na mtu aliyeishi nayo. Kwenye pwani ya Antrim ziko nguzo za Giant's Causeway, zipatazo 40,000, nyingi zenye pembe sita, zilizotokana na lava iliyopoa na kunywea miaka milioni 60 hivi iliyopita.

Ukimya huo wa mpaka unaweza kumponza msafiri wa Afrika Mashariki. Ayalandi haimo katika eneo la Schengen, na viza yake haimruhusu mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania kuingia Ayalandi ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza. Kutokuwepo kwa ukaguzi hakubadilishi sheria. Ratiba nyingi za kuzunguka kisiwa kizima hulala usiku mmoja Belfast au hupita Antrim kwa saa chache, kwa hiyo asiye na viza ya Uingereza achague safari inayobaki ndani ya Jamhuri, au aombe viza zote mbili. Akihitaji ya pili, aulize tangu mwanzo kama viza ya Ayalandi inapaswa kuwa ya kuingia zaidi ya mara moja, maana basi litakalompeleka Belfast ndilo litakalomrudisha Dublin.