Unyoya wa Jogoo na Maji ya Tana

Nimekulia Garissa, na kila nikivuka daraja sikuwahi kujiuliza maji ya Tana yametoka wapi. Nilikuja kujua Nairobi, baada ya kuacha chuo, nikipata kibarua kwenye karakana ya kufunga nzi wa kuvulia samaki. Sio nzi wa kweli, jamani. Ni ndoano, nyingine ndogo kama punje ya mchele, unaizungushia uzi na unyoya wa shingo ya jogoo mpaka ifanane na mdudu. Wateja wako Ulaya na Marekani. Hata majogoo wenyewe wanafugwa Marekani kwa ajili ya manyoya tu!

Siku ya kwanza nilishika mkasi, nikapunguza manyoya yaliyozidi. Mama aliyekuwa akinifundisha akanivuta mkono: "Wee kijana, umeharibu." Zile ncha nyembamba ndizo humshikilia nzi juu ya maji. Ukizikata zinabaki butu, na mvuvi anajua. Unachagua unyoya wa kimo chake tangu mwanzo, nyuzi zake ziwe kama mara moja na nusu ya upana wa mdomo wa ndoano. Kukata kunaruhusiwa chini ya tumbo tu, nzi akitakiwa alale chapa majini. Kazi yangu ya siku hiyo haikulipwa.

Mchezo wenyewe uliletwa na Wazungu. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta trauti wa Loch Leven, Scotland, wakaachiliwa mto Gura, kwenye Aberdare. Gura huishia Tana. Yaani ni maji yale yale! Trauti hawafiki kwetu kwa sababu wanataka maji baridi. Sisi tuna kambare, na mamba.

Lakini watu je? Mwaka 1926 serikali ya kikoloni iliifunga wilaya ya mpakani kaskazini, na sheria ya 1934 ikakaza zaidi. Kuingia au kutoka ni kwa kibali. Huko juu bwana anarusha nzi wake kwa starehe, huku chini babu zetu wanadaiwa karatasi. Sheria hizo zilifutwa 1997, uhuru ukiwa na miaka 34.

Nilirudi nyumbani na nzi watatu waliokataliwa. Abti, mjomba wangu, akamweka mmoja kiganjani, akamgeuza geuza.

"Na huyu kambare wetu," akauliza, "anakula manyoya?"